Kupima Arrokoth kwa Kivuli Chake

Mwezi wa saba, bonde la Ruzizi likiwa limekauka, kundi la nyota la Mshale hupita juu ya Runingu, karibu na Uvira, usiku wa manane, si mbali na utosi. Huko Njia Nyeupe imesongamana nyota kuliko kwingine, na huko ndiko darubini ya Hubble ilikonasa, Juni 2014, nukta hafifu iliyokuwa ikisogea taratibu mno mbele ya nyota. Baadaye ilipewa jina Arrokoth.

Ni donge la barafu na vumbi, urefu wake kilomita 36 hivi. Ncha moja ukiiweka bandarini Uvira, ya pili itavuka kichwa cha Ziwa Tanganyika na kuipita Bujumbura. Lakini liko ng'ambo ya Neptuni, kilomita bilioni 6.5 hivi kutoka kwenye Jua, na kwa umbali huo hata Hubble haikuona umbo, iliona nukta tu. Chombo cha Marekani, New Horizons, kilichokwisha kupita Pluto mwaka 2015, kilikuwa kikielekea huko kwa kasi ya kilomita 14 kila sekunde. Waliokiongoza walitaka kujua mapema wanakwenda kukuta nini.

Njia waliyoitumia naipenda kuliko chombo chenyewe. Walingoja donge lipite mbele ya nyota. Nyota iko mbali kiasi kwamba miale yake hutufikia ikiwa sambamba, kwa hiyo kivuli cha donge kinachoanguka duniani kina ukubwa uleule wa donge. Kivuli hicho hupita mbio juu ya nchi na bahari. Aliye ndani ya njia yake na darubini huona nyota ikizimika kwa sekunde moja au pungufu, kisha ikawaka tena. Aliye kando haoni kitu. Zidisha muda wa kuzimika kwa kasi ya kivuli, utapata urefu wa mstari mmoja uliokata donge. Darubini zikipangwa kukingama njia ya kivuli, mistari yao kwa pamoja huchora umbo.

Kazi ngumu ni kujua pa kusimama. Juni 2017 vikundi vilikwenda Afrika Kusini na Argentina, havikuambulia kitu. Mwezi uliofuata, baada ya hesabu kusahihishwa kwa vipimo vya nyota vya setilaiti ya Gaia, darubini 24 zilipangwa Chubut, kusini mwa Argentina. Barabara kuu ilifungwa kwa saa mbili ili taa za magari zisiharibu giza, taa za mitaani zikazimwa, malori yakaegeshwa kuzuia upepo. Darubini tano zilinasa kivuli, na tayari mistari yake ilidokeza mabonge mawili. Agosti 2018 ikawa zamu ya Senegal na Kolombia. Wanafalaki wa Senegal, Maram Kaire akiwa mmoja wao, walikesha na wenzao wa kigeni katikati ya msimu wa mvua, mawingu yakiwatia hofu.

Tarehe 1 Januari 2019 New Horizons kilipita kilomita 3,500 hivi kutoka kwenye donge. Picha zilionyesha mabonge mawili yaliyobapa, mekundu, yameungana kwa shingo nyembamba. Kivuli kilikuwa kimesema kweli. Cha ajabu zaidi ni kwamba mahali yalipoungana hapakupondeka. Yalikutana polepole, kwa mwendo wa mtu anayetembea au chini yake, na baridi ya huko ikayahifadhi hivyo kwa zaidi ya miaka bilioni nne. Waliodhani sayari zilianza kwa vishindo tu ilibidi wafikiri upya.

Chombo hakitarudi huko, na madonge ya aina hiyo ni maelfu kwa maelfu. Darubini mpya ya Vera Rubin nchini Chile inatarajiwa kuyaongeza sana katika orodha, na yale yatakayopimwa umbo, mengi yatapimwa kwa vivuli. Vivuli havichagui nchi tajiri. Darubini za Chubut zilikuwa na kioo cha sentimita 40, za kubebwa kwa gari, pamoja na kamera na saa inayofuata GPS. Pale Runingu, mbali kidogo na taa za Uvira na Bujumbura, kinachoweza kusumbua wakati wa kiangazi ni moshi wa nyasi zinazochomwa milimani.