Alama Juu ya Herufi: Jinsi Protini Inavyotambua DNA Iliyotiwa Methili

Neno "kutambua" hutumika siku hizi katika elimu ya viumbe kwa maana ambayo wajuzi wa lugha hawana budi kuipima. Husemwa kwamba protini "hutambua" alama fulani juu ya DNA. Protini haina macho wala akili. Basi, hutambua vipi? Makala haya yanakusudia kulieleza jambo hilo kwa mfano wa protini iitwayo MeCP2, na kuonyesha kwamba utambuzi huo ukikosekana, mtoto aweza kupotewa na usemi wake.

Yafaa tuanze na umbo la DNA, lililoelezwa na Watson na Crick mwaka 1953. Ni nyuzi mbili zilizosokotana, na kati yake zimepangwa besi za namna nne, ambazo ni kama herufi zake: adenini, timini, gwanini na sitosini. Adenini huelekeana na timini, na gwanini na sitosini. Kwa nje msokoto huo una mifuo miwili, mmoja mpana na mmoja mwembamba. Katika mfuo mpana kingo za besi hubaki wazi, hata protini ikaweza kuzigusa pasipo kuzitenganisha nyuzi.

Katika mwili wa binadamu sitosini nyingi hutiwa alama. Alama hiyo ni methili: atomu moja ya kaboni pamoja na tatu za haidrojeni. Hutiwa hasa pale ambapo sitosini hufuatwa na gwanini. Kwa kuwa nyuzi mbili huelekea pande zilizo kinyume, mfuatano huo huonekana katika kila uzi, na kila uzi huchukua alama yake. Hata hivyo sitosini haiachi kuwa sitosini. Bado huelekeana na gwanini vilevile. Waliozoea hati zetu za kale za herufi za Kiarabu watakumbuka tofauti ya nukta na irabu. Nukta zikibadilishwa, ba yaweza kuwa ta. Irabu ikitiwa, herufi hubaki ile ile, ila msomaji huongozwa. Methili yafanana na irabu, wala si nukta.

Mwaka 1992 Adrian Bird na wenzake walitangaza habari za MeCP2, protini ambayo hushika DNA hata palipo na jozi moja tu ya alama hizo. Kwa kuwa methili haipatani na maji, mtu angetazamia kwamba protini ina kishimo kikavu cha kuipokea. Umbo lililochunguzwa kwa njia ya fuwele na kutangazwa mwaka 2008 lilionyesha jambo jingine. Methili huelekeana zaidi na molekuli za maji zilizoshikwa imara kwa mpango maalumu kati ya protini na DNA, na arginini mbili za protini hushika gwanini zilizo jirani. Hivyo kinachotambuliwa si methili peke yake, bali pia jinsi maji yanavyokaa kuizunguka.

Wala njia si moja. Protini ya UHRF1 huichomoa sitosini yenye alama kutoka katika msokoto na kuiingiza katika kishimo chake. Yenyewe hutafuta mahali ambapo uzi mmoja tu una alama, kama inavyokuwa mara DNA inaponakiliwa, ili uzi mpya nao upate kutiwa.

Sasa tutazame hasara. Mwaka 1966 daktari Andreas Rett wa Vienna alieleza ugonjwa uwapatao hasa watoto wa kike, yapata mmoja katika 10,000. Mtoto hukua vyema kwa miezi 6 hadi 18, kisha hupoteza maneno aliyokwisha kujifunza na matumizi ya mikono yake. Mwaka 1999 maabara ya Huda Zoghbi huko Houston ilionyesha kwamba chanzo chake ni kasoro katika jeni ya MeCP2. Kwa baadhi ya wagonjwa arginini ya 133, mojawapo ya zile mbili zishikazo gwanini, imegeuzwa kuwa sisteini. Maandishi mengine yote ni kamili, na alama zake zipo. Aliyepungukiwa ni msomaji.

Tofauti hiyo si ya maneno matupu. Mwaka 2007 Bird na wenzake waliifungua jeni ya MeCP2 iliyokuwa imezuiwa katika panya wagonjwa, na dalili nyingi zikaondoka. Panya si mtoto. Lakini ilidhihirika kwamba ubongo uliokosa protini hiyo haukuwa umeangamia.

Neno gani, basi, litufae? "Kusoma" tumelitumia hapa kwa mfano tu, maana hudai akili; "kushika" hakutoshi, kwani MeCP2 hushika kwa udhaifu hata DNA isiyo na alama. "Kutambua" ni kupambanua kimoja miongoni mwa vinavyofanana, na hilo ndilo litendekalo. Neno hili lafaa, mradi tukumbuke kwamba hapa utambuzi ni kulingana kwa maumbo, wala si ujuzi.