Ufa Chini ya Rangi



Wanaopita nyumbani kwangu Kona ya Musa baada ya Alasiri wamezoea kuniona na kitabu. Mwaka jana, kwa miezi mitano, waliniona na spana. Nilinunua kwa shilingi 15,000 pikipiki kuukuu aina ya Honda CG125, iliyolala chini ya mwembe wa jirani masika mawili. Sikuwa fundi. Nia yangu ilikuwa niitengeneze, niiuze, na faida yake ilipe karo ya binti yangu.

Sikuichagua ovyo. Honda ilianza kuiunda mwaka wa 1976, na injini yake ni nyepesi kufahamika: valvu husukumwa kwa vijiti, si kwa mnyororo wa ndani unaolegea kwa umri. Mtu mwenye subira anaweza kuifungua na kuirudisha.

Lakini upepo wa bahari hauna huruma kwa chuma. Nati za injini zilishikwa na kutu hata nikazilowesha mafuta siku tatu. Kila kilichotoka nilikiosha kwa mafuta ya taa na kukipanga juu ya gunia kwa zamu yake, ili cha mwisho kutoka kiwe cha kwanza kurudi. Ringi za pistoni zilikuwa zimelika. Ndiyo maana pikipiki ilikuwa ikitoa moshi wa samawati, kwani oili ilipenya na kuungua pamoja na petroli. Nilipata ringi mpya Ukunda, pamoja na gasketi, cheni na shu za breki. Siku injini ilipowaka, wanafunzi wangu wa madrasa walishangilia kama siku ya Idi.

Hapo ndipo nilipoanza kukwangua rangi ya fremu kwa msasa, kazi ambayo fundi wa kweli angeitanguliza. Penye shingo, pale usukani unapoungana na fremu, niliona alama ya kuchomelewa, na pembeni yake ufa mwembamba kama unywele. Shingo hiyo hubeba mzigo mkubwa kila dereva afungapo breki. Ikikatika barabarani, gurudumu la mbele huenda njia yake na mwenye kupanda njia yake.

Jioni hiyohiyo alinijia kijana wa mtaani, anayetaka kuanza kazi ya bodaboda. Aliisikia injini, akafurahi, akataja shilingi 60,000. Nikamwambia aje kesho.

Nakiri kwamba usiku ule nilipiga hesabu. Mkebe mmoja wa rangi, na karo imelipwa. Kwa miaka mingi nimewasomesha watoto kisa cha Mtume (S.A.W.) alipotia mkono katika rundo la chakula sokoni, akakuta umaji uliofichwa chini, akamkemea muuzaji. Kukisomesha ni kwepesi. Usiku ule rundo lilikuwa langu.

Asubuhi nilimwonyesha kijana ule ufa. Aliugusa kwa kidole, akanyamaza, kisha akasema, “Sheikh, mimi nilikuwa nimpakie mke wangu hapa.”

Mzee mmoja fundi wa Ukunda aliniambia kwamba fremu iliyopasuka tena penye kuchomelewa si ya kuaminiwa. La kuvunda halina ubani. Niliikata vipande, asije mwingine akaifufua. Injini, magurudumu na vipuri vingine niliviuza kwa shilingi 22,000. Nilikwisha tumia 26,000. Hasara ni 4,000, na karo nailipa kidogo kidogo hadi leo.

Ewe mzazi unayemnunulia mwanao pikipiki kuukuu, usisikilize injini peke yake. Mulika shingo ya fremu kwa tochi, na penye rangi mpya mahali pamoja tu, uliza sababu. Tikisa magurudumu uone kama yanacheza. Linganisha nambari ya fremu na ile iliyo katika logibuku. Nawe unayeuza, sema aibu ya bidhaa yako kabla hujaulizwa.

Wiki iliyopita kijana yule alinipigia simu. Amepata pikipiki nyingine, akaniomba twende tukaitazame pamoja. Nilikwenda, na kipande cha msasa mfukoni.

Wabillahi tawfiq.