Nusu Waliojibu

Limfoma ya folikula, saratani ya seli B za kinga, ina tabia ya kurudi. Mgonjwa hupewa kemo, matezi yakanywea, miaka ikapita; kisha siku moja anajipapasa shingo na kukuta uvimbe mwingine. Kila ikirudi, nafuu huelekea kuwa fupi zaidi. Wagonjwa wa namna hii ndio waliojaribiwa dawa ya rituximab miaka ya 1990.

Mwaka 1982 Ron Levy na wenzake wa Stanford walieleza habari za mgonjwa wa limfoma ambaye uvimbe wake ulitoweka baada ya kutengenezewa kingamwili yake mwenyewe. Ajabu kweli, lakini nani angeweza kumtengenezea kila mgonjwa dawa yake? Ikatafutwa shabaha ya wote: CD20, protini iliyo juu ya seli B, nzima na za saratani, ila haimo kwenye seli mama za uboho. Dawa ikizifagia seli B zote, uboho huzizalisha upya baada ya miezi kadhaa. Kingamwili za panya mwili huzikataa, basi kampuni ya IDEC ya San Diego ikaunganisha: ncha za panya za kushikia CD20, shina la binadamu la kuamsha kinga. Hiyo ndiyo rituximab.

Jaribio lililoamua lilikuwa na wagonjwa 166. Kila mmoja aliwekewa dripu mara moja kwa wiki, kwa wiki nne. Kundi la kulinganisha halikuwepo, hivyo uzito wote uliangukia kwenye vipimo. Tezi inayoonekana kwenye picha ya CT hupimwa urefu na upana, namba mbili hizo zikazidishwa. Majibu ya matezi yote hujumlishwa, kabla na baada ya dawa. Jumla ikipungua kwa nusu au zaidi, na ikabaki hivyo kwa siku 28, mgonjwa huhesabiwa kuwa amejibu kwa sehemu. Na kwa kuwa daktari anayemtakia mgonjwa wake heri anaweza kuona nafuu isiyokuwepo, picha zilikaguliwa na jopo la nje.

Asilimia 48 walijibu. Ukiifungua namba hiyo, ambao uvimbe wao wote ulitoweka ni asilimia 6 tu. Na kati ya waliojibu, nusu yao ugonjwa ulikuwa umeanza kusonga tena ndani ya takriban miezi 13. Anayesema nusu walipona hajaisoma ripoti. Madhara yalikuwa hasa homa na kutetemeka, zaidi kwenye dripu ya kwanza, na kwa watu waliochoshwa na kemo hilo halikuwa jambo dogo. Marekani iliidhinisha dawa hiyo Novemba 1997.

Je, inarefusha maisha? Jaribio lile lisingeweza kujibu. Jibu lilikuja 2002 kutoka kwa watafiti wakiongozwa na Wafaransa, kwa limfoma nyingine, ile kali ya seli B kubwa, na kwa wagonjwa wasiowahi kutibiwa: wazee 399, kura ikiamua nani apate kemo peke yake na nani aongezewe rituximab. Baada ya miaka miwili waliokuwa hai ni asilimia 57 kwa kemo, na 70 kwa walioongezewa.