Ngazi ya Sauti na Mafungu Yake Matatu

Piano kubwa ina vibao 88, vyeupe 52 na vyeusi 36. Mtu avitazamapo mara ya kwanza huona ni vingi mno, akakata tamaa. Lakini sauti zenyewe ni 12 tu. Zikiisha, zilezile huanza tena, nyembamba zaidi kila mkono uendeleapo kulia.

Kutoka kibao kimoja mpaka kinachokifuata, kiwe cheupe au cheusi, ni nusu hatua. Nusu mbili ni hatua nzima. Ngazi kuu, yaani do, re, mi, fa, so, la, ti, do, hufuata kipimo kimoja siku zote: hatua nzima mbili, kisha nusu; hatua nzima tatu, kisha nusu. Aanzaye na kibao kiitwacho C hupanda kwa vyeupe vitupu. Aanzaye na G hana budi kugusa cheusi kimoja, nacho ni F iliyopandishwa nusu. Asipokigusa, kipimo huharibika na sikio hutambua mara. Basi kila sauti katika zile 12 yaweza kuwa do, mradi kipimo kishikwe.

Katika ngazi hiyo hupatikana mafungu ya sauti tatu tatu, zipigwazo pamoja: hupigwa moja, huachwa inayofuata, hupigwa ya tatu na ya tano. Fungu moja ni do-mi-so; jingine ni fa-la-do; na jingine ni so-ti-re. Mafungu hayo matatu yana sauti zote saba za ngazi. Kwa hiyo, wimbo usiotoka katika ngazi hauna sauti hata moja iliyokosa fungu lake. Mkono wa kulia hupiga wimbo, wa kushoto huutafutia mafungu, nalo sikio ndilo mwamuzi. So-ti-re huliacha sikio likingoja. Do-mi-so hulituliza, kama msafiri aliyefika kwao.

Hapo ndipo wapigaji wawili hutofautiana. Aliyekariri kitabu tu, waimbaji wakianza juu kidogo, mikono yake husimama. Ajuaye kipimo huhamisha do, akaenda nao.

Mwaka 1747 Johann Sebastian Bach alifika Potsdam, Ujerumani, mbele ya Mfalme Frederick wa Pili wa Prussia. Mfalme alimpa wimbo mfupi, akamtaka aubunie papo hapo. Bach, aliyekuwa na umri wa miaka 62, akaketi akapiga sauti tatu zikifuatana na kupishana juu ya wimbo ule. Ustadi huo haukumjia siku ile. Miaka 25 nyuma, mwaka 1722, alikuwa amekwisha kuandika kitabu cha muziki kinachozifanya sauti zote 12 kuwa mwanzo wa ngazi, moja baada ya moja.

Haba na haba hujaza kibaba. Mwanafunzi na aanze na ngazi moja, mafungu yake matatu, na wimbo mmoja aujuao kwa moyo. Mikono ikizoea, auhamishe wimbo huohuo mpaka G, apate kuona kama amejua vidole tu au amejua kipimo.