Kupokea, Kuingiza na Kulinganisha Malipo

Hoteli za Kendwa, kaskazini mwa Unguja, hulipwa kwa taslimu, kwa kadi na kwa simu. Katika zama za daftari la karatasi, neno kupokea lilimtosha karani. Tangu fedha zianze kutumwa kwa simu nchini Tanzania mwaka 2008, halimtoshi tena. Mgeni huonyesha ujumbe kwamba amelipa, ilhali katika vitabu vya hoteli hapana kitu. Hudaiwa mara ya pili, na karani hushukiwa wizi.

Kwa hiyo twapendekeza kupokea kuwe ni fedha kufika katika akaunti. Kuingiza, kuandika muamala katika kompyuta. Na kulinganisha, kupima maandishi hayo kwa taarifa ya benki. Wahasibu wengi husema usuluhishi kwa hatua hii ya mwisho. Neno hilo, kwa maoni yetu, lafaa zaidi mbele ya kadhi, maana hapa hapana waliogombana.

Namba ya kumbukumbu, iliyozoeleka katika malipo ya Serikali, huunganisha malipo na deni lake. Isichanganywe na stakabadhi, ambayo hutolewa baada ya fedha kupokewa.