Katika umati au mezani?

Mzazi mmoja aliniuliza majuzi kama ni salama bintiye kwenda kwenye tamasha la mashabiki wa vibonzo, ambako umati hujazana ukumbini, wengine wakivalia kama wahusika wawapendao. Nilimsimulia kisa cha New York.

Mnamo Novemba 2021, watu wapatao 53,000 walihudhuria tamasha la katuni za Kijapani liitwalo Anime NYC. Siku chache baadaye, mmoja wao, mkazi wa Minnesota, aligunduliwa kuwa na Omicron, aina mpya ya virusi vya korona wakati huo. Wengi waliogopa mlipuko mkubwa. Lakini kati ya watu 4,560 ambao matokeo yao yalipatikana, 119 tu ndio waliokuwa na korona.

Yaelekea chanjo, barakoa na hewa iliyochujwa vilisaidia. (Barakoa ninayosema ni ile inayoziba pua na mdomo, si uso wa plastiki wa Spider-Man!) Ila kati ya watu 23 waliokuwa karibu na mgonjwa yule, 16 waliambukizwa. Uchunguzi ulionyesha kuwa walioenda baa, karaoke au vilabu vya usiku, na waliokula na kunywa ndani karibu na wenzao, ndio waliokuwa hatarini zaidi.

Kwa hivyo nilimshauri mzazi huyo asihangaishwe sana na foleni ya langoni. Amuulize bintiye watakula wapi jioni, na msichana akianza kukohoa, asiende kumsalimia nyanyake hadi apone.