Traveller: Gemu ambalo unaweza kufa kabla hujaanza kucheza

Leo tuongelee kitu ambacho wahenga wa Marekani na Uingereza wakikikumbuka wanalegea kabisa. Kinaitwa Traveller. Usidhani ni gemu la kompyuta, hapana. Hapa kuna meza, karatasi, penseli na dadu za kawaida tu, zile zile za ludo.

Lilitoka mwaka 1977, likitolewa na kampuni ya Game Designers' Workshop ya mji wa Normal, Illinois. Mtunzi mkuu ni Marc Miller. Unanunua kiboksi, ndani kuna vijitabu 3 vyeusi, basi. Dungeons & Dragons ilikuwa imeshatoka 1974 na mambo ya uchawi na mazimwi, Traveller ikawapeleka watu kwenye nyota.

Sasa linachezwaje? Mmoja wenu anakuwa refa, anawaeleza mko wapi na kuna nini mbele yenu. Wengine kila mtu ana mhusika wake, anasema kwa mdomo anachotaka kufanya, na pakiwa na utata dadu zinaamua. Hakuna bingwa. Mnaweza kuendelea hata miaka.

Utamu unaanza pale unapomtengeneza mhusika. Ana miaka 18. Unarusha dadu mbili mara 6 kupata nguvu, wepesi, ustahimilivu, akili, elimu na hadhi yake. Halafu anatafuta kazi: jeshini, kwenye meli za biashara, au skauti wa anga. Kila awamu ni miaka 4 na inampa ujuzi. Lakini kila awamu lazima urushe dadu kuona kama amepona! Skauti anahitaji 7 au zaidi. Piga hesabu: kati ya matokeo 36 ya dadu mbili, 15 yanamuua. Akiwa na ustahimilivu wa 9 kwenda juu anaongezewa 2, hapo afadhali. Akifa, chukua karatasi nyingine uanze upya.

Kwa hiyo kila miaka 4 unajiuliza: nitoke sasa na ujuzi kiduchu, au nikomae awamu nyingine? Na ukikomaa sana, kuanzia miaka 34 uzee unaanza kumla nguvu. Aliyemaliza shule juzi akawa anawaza ashike kibarua kilichopo au asubiri kikubwa zaidi, ananielewa.

Ukibahatika ukatoka na meli, usishangilie. Meli ndogo ya mizigo ya tani 200 inauzwa milioni 37.08 za pesa ya humo. Unatanguliza asilimia 20, kisha kila mwezi unalipa 154,500, kwa miezi 480. Yaani miaka 40! Ndiyo maana shujaa wa Traveller haokoi ulimwengu, anahangaika na mizigo na abiria kama dereva wa daladala anayesaka hesabu ya tajiri.

Na simu hakuna. Kuruka kutoka nyota hadi nyota kunachukua kama wiki moja, na hakuna habari inayokwenda haraka kuliko meli. Unaweza kusikia vita vimeanza wakati vimeshaisha zamani.

Kwa nini wanalikumbuka hivyo? Kampuni ilifungwa 1996, na zile meza zilisambaa kwa ndoa, kazi na kuhama miji. Waliocheza wakiwa na miaka 15 waliona 34 ni uzee, leo wenyewe wameipita mbali. Wengine wana mkopo wa nyumba wa miaka mingi, wanajiona kwenye ile meli kabisa.

Lakini gemu halijafa. Mongoose Publishing ya Uingereza imeanza kutoa matoleo mapya tangu 2008.

Haya wadau, swali kwenu: ungekuwa skauti, ungerusha dadu mara ngapi kabla hujasema basi? Tiririkeni hapo chini.